Figa la Tatu

Kijijini, njia ya Sepuka,
Singida.
Jumapili, mchana.

Dada yangu Tusekile,

Shikamoo. Kabla ya yote naomba ukae chini. Najua ukiona bahasha nene unawaza msiba hata kabla hujaifungua, kwa hiyo naanza na hili: mimi ni mzima. Midomo imepasuka kwa upepo wa huku, na usingizi umenipungukia, basi. Hali zenu hapo? Mguu wa shemeji umepona au bado anachechemea na kusema haumwi? Watoto wameachana na kikohozi? Mvua je, bado inanyesha mpaka migomba inalala? Huku ni kiangazi. Mtama umevunwa, mashambani yamebaki mabua, na vumbi linaingia hata ndani ya wino.

Barua yako niliipata, nami sikuijibu kwa muda mrefu. Nisamehe. Nimeanza kukujibu mara tatu, kila mara nikaichana karatasi. Karatasi hizi ni zangu, si za ofisi, usije ukaniuliza.

Unamkumbuka Mzee Ntandu, niliyekuandikia habari zake nilipofika huku? Ndiye aliyenipokea nilipoletwa kuwa karani wa kijiji. Wengine walisema kijana wa Tukuyu hataweza maji ya chumvi na ugali wa uwele, atarudi kwao kabla ya mavuno. Yeye akasema, "Mwacheni alale kwangu. Akikimbia nitajua kwa kuwa mbwa atabweka." Tangu siku hiyo nakaa kwake, yeye na mkewe, Mama Zaina. Zaina mwenyewe, binti yao wa pekee, ameolewa Singida mjini, kule Mandewa. Kwa hiyo nyumbani tuko watatu, nami nakula kwenye sinia la Mzee kama mtoto wa nyumba.

Dada, Mzee Ntandu anakufa. Nimeliandika. Nilikuwa naliogopa neno hili kwa wiki nne, na sasa lipo kwenye karatasi na mkono haujakatika.

Ilianza kabla ya mvua za mwaka jana, kwa mgongo. Halafu mbavu. Akiinama kuchukua jembe anakaa ameinama hivyo hivyo, anangoja maumivu yampe ruhusa ya kusimama. Kwenye zahanati walisema ni baridi yabisi, uzee. Wakampa vidonge vya maumivu, na kweli vilimsaidia. Vilipokwisha akaniomba nikienda Ikungi siku ya soko nimnunulie vingine. Nikamnunulia. Kila siku ya soko, Dada, kwa karibu mwaka mzima. Mwenye duka, Mhindi mmoja mzee anayevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniuliza siku moja, "Karani, unakula vidonge kama njugu? Nani mgonjwa?" Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba ni baba yangu na anaumwa mgongo. Akanipa, lakini alitikisa kichwa. Nimekumbuka kile kichwa mara nyingi.

Baada ya mavuno Mzee akaanza kuishiwa damu. Macho meupe, ulimi mweupe. Anatoka nyumbani hadi zizini anapumzika njiani mara mbili. Kisha miguu ikavimba. Mama Zaina akasema, "Karani, wewe ndiye mwenye maneno ya serikali. Mpeleke." Nikaomba ruhusa, nikampeleka hospitali ya misheni, mbali kidogo na huku. Tulikaa huko wiki mbili.

Siku ya kuandikishwa, mapokezi waliuliza jamaa wa karibu ni nani. Nilianza kuandika jina la mkewe. Mzee akaweka kidole juu ya karatasi, akasema, "Andika lako." Nikamwambia, "Mzee, hapa wanataka ndugu." Akasema, "Wewe ni nani, mpita njia? Andika." Nikaandika jina langu, na penye uhusiano nikaandika mtoto. Unanijua nilivyo. Sijawahi kuandika uongo kwenye fomu. Lakini nilipoisoma tena haikuonekana kuwa uongo, nikaiacha.

Ndiyo sababu daktari aliniita mimi. Ni mzungu kijana, mrefu mpaka anainama mlangoni, na Kiswahili chake ni cha "vuta pumzi", "lala", "pole sana". Muuguzi anayemtafsiria alikuwa amekwenda msibani kwao. Daktari aliposikia mtoto wa mgonjwa anajua Kiingereza alifurahi kama mtu aliyeletewa maji.

Alinipeleka kwenye chumba chake cha kupimia. Alikuwa na mkojo wa Mzee kwenye kichupa chembamba cha kioo, akaupasha juu ya taa ya spiriti. Ulipopata joto ukageuka mweupe, kama maji yaliyooshewa unga. Nikataka kuondoka. Akasema ngoja. Ukachemka, na ulipochemka ule weupe ukapotea, nikauona ukuta kupitia kwenye kichupa. Akazima moto. Tukasimama wawili tukitazama kichupa kikipoa, na weupe ukarudi.

"Nilikuwa nautafuta huo," akasema. "Nilitamani nisiupate."

Aliyoniambia aliyasema kwa Kiingereza. Nakuandikia kwa Kiswahili, kama nilivyopaswa kumwambia Mzee siku ile ile. Ndani ya mfupa mna uboho, na humo ndimo damu inamotengenezwa. Kwa Mzee, chembe za aina moja zimeasi. Zinazaana bila kipimo, zinakula mifupa kutoka ndani, zinanyima damu nzuri nafasi. Hiyo ni kansa ya damu. Chembe hizo zinatoa uchafu, unakwenda na damu mpaka kwenye mafigo, na mafigo ndiyo machujio ya mwili. Umeona chujio la pombe likijaa machicha, unamimina na hakidondoki kitu? Mafigo yake yamekuwa hivyo. Sumu inayopaswa kutoka inabaki ndani. Huo ndio uvimbe, ndicho kichefuchefu, ndiyo kwikwi iliyokuwa haimwachi.

Nikauliza kama kuna dawa. Akasema ugonjwa ungewahiwa mapema angejaribu. Nchi za mbali ziko mashine za kusafisha damu badala ya mafigo, lakini huku hakuna, na hata ingekuwapo ile kansa ingebaki.

Kisha akauliza Mzee alikuwa akitumia dawa gani. Nikamtajia vile vidonge. Akauliza vingapi, kwa muda gani. Nikamtajia. Aliandika, na kalamu ikasimama. Nikamwuliza, "Ni vidonge?" Akasema, "Ugonjwa wenyewe ungeyafikia mafigo. Vidonge vimeharakisha. Kwa kiasi gani, hakuna mtu anayeweza kukuambia." Nilitaka aseme ndiyo au hapana, Dada. Mimi ni mtu wa ndiyo au hapana.

Halafu ndipo aliponipa mzigo wenyewe. Mzee ana wiki chache. Akibaki pale watamlaza pasafi na kumpa sindano za kutuliza. Akitaka kwenda kufia kwake, aende sasa, maana baada ya siku kumi barabara itamwua kabla ya ugonjwa. Gari la misheni lingepita njia yetu Alhamisi. "Achague mwenyewe," akasema. "Kwa hiyo lazima umwambie. Utamwambia leo?"

Nikasema ndiyo.

Ilikuwa Jumatatu. Sikumwambia Jumatatu. Jumanne nilimnyoa ndevu, nikamsomea gazeti la zamani lililofungiwa sabuni, sikumwambia. Dada, nakuandikia hili bila kukulaumu: mimi sijawahi kuona mgonjwa akiambiwa. Mama alipokuwa anaumwa tumbo nilikuwa kidato cha pili, na nilipofika likizo ulinipokea kituoni, ukanishika mkono, ukasema, "Tumemwambia ni vidonda vya tumbo. Uso wako usituharibie." Nikaufunga uso wangu likizo nzima. Kwa hiyo nilikuwa najua namna moja tu ya kukaa na mgonjwa, na ndiyo niliyomfanyia Mzee siku mbili hizo.

Jumatano mchana daktari alipita wodini, akasimama mwisho wa kitanda, akaniuliza kwa Kiingereza kama nimeshasema. Mzee akatutazama wote wawili. Daktari alipoondoka akaniuliza, "Anasema nini huyo mrefu?"

Nilikuwa nimeshika kofia yake mkononi. Nikaanza kuizungusha. Nikasema, "Mzee, amepima. Anasema mafigo yako yote mawili... yamekufa."

Akageuza shingo taratibu.

"Mafiga mawili?"

"Mawili, Mzee."

"Basi ni yale yale tuliyokuja nayo. Na la tatu lililobaki, nani alilikataa?"

Sikuelewa. Halafu nikaelewa.

Lazima nikueleze. Mwaka ule tulipohamia kijijini kutoka kwenye maboma ya zamani, mimi ndiye niliyesimama penye lori na daftari, nikiandika kila kaya na vyombo vyake. Mama Zaina alileta mafiga yake ya kupikia, mawe matatu aliyowekewa na mama mkwe wake alipokuja kuolewa. Mawili yalikwishapakiwa. La tatu lilikuwa kubwa na dereva alikuwa anapiga honi. Nikamwambia, kwa sauti ya kijana aliyepewa daftari, "Mama, haya ni mawe tu. Singida mawe yako kila mahali." Watu walicheka, maana ni kweli, mkoa huu Mungu aliujenga kwa mawe. Yeye hakucheka. Tulipofika aliokota jiwe lingine la kukamilisha, nalo halikuwahi kukaa sawa. Chungu chake kinaegemea upande mmoja mpaka leo, na kila ugali ukiungua upande huo anasema kwa sauti ya kunifikia, "Muulizeni Karani wa Mawe." Kijiji kizima sasa wananiita hivyo. Hata kwenye mkutano, mwenyekiti akisahau jina langu.

Sasa Mzee, kitandani, kwa kwikwi, alikuwa amesikia mafiga.

"Si wewe, Karani wa Mawe?" akasema.

"Ni mimi, Mzee."

Mgonjwa wa kitanda cha pili, mfugaji mmoja aliyevunjika mguu, akacheka. "Ulimfanya nini mtoto wa watu hata umwite hivyo?"

"Alimnyima mama yake jiko," Mzee akamjibu. Kisha akaniambia, "Chungu hakikai juu ya mawili. Huyo mrefu wako ana akili kuliko nilivyodhani. Gari lipo lini?"

"Kesho."

"Tupitie kwenye mahame. Tulichukue lile jiwe, tumpelekee mwenyewe."

Hapo ndipo ningesema, "Sikusema mafiga, Mzee." Neno moja tu, herufi moja tu. Sikulisema. Nilikwenda kwa daktari nikamwambia mgonjwa amechagua kwenda nyumbani. Akaniuliza, "Ameelewa?" Nikasema, "Ametaka mwenyewe gari la kesho." Kila neno nililompa daktari lilikuwa la kweli. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa kazi, kuandika maneno ya kweli kwa mpangilio.

Alhamisi tulimlaza nyuma ya gari juu ya godoro. Penye njia ya kuingia mahameni dereva alisimama kwa shingo upande. Mzee alinielekeza kwa kidole: upite mti uliokauka, upite jabali lenye ufa, nyumba ya pili. Nilikwenda peke yangu. Nyumba zile za tembe zimeshuka zenyewe, paa la udongo limekaa sakafuni, majani yameota juu yake. Mimi ndiye niliyeziandika katika daftari: kaya kumi na saba, zimehama zote. Niliandika vizuri, kwa mistari. Sikuwa nimerudi kuona.

Jiwe lilikuwapo. Lilikuwa limezama nusu, upande mmoja mweusi wa moshi, upande mwingine umeoshwa na mvua. Nililichimbua kwa mikono, nikalibeba begani, na shati langu jeupe la kazi halijatakata hadi leo.

Dereva aliponiona akashuka kabisa. "Mgonjwa na jiwe? Bwana, kesho utaniambia nibebe na mlima?"

Mzee akamwambia kutoka ndani, "Mlima hatuna haja nao. Pakia."

Tulipofika nyumbani Mama Zaina alikuwa ameketi kibarazani akipepeta. Alisimama. Dada, alilitazama jiwe kabla ya kumtazama mumewe. Kisha akamtazama mumewe, muda mrefu, naye Mzee akamtazama. Wakasemezana kitu kimoja kifupi kwa Kinyaturu, sikukishika. Akaingia ndani, akaling'oa lile jiwe la bandia akalitupa nje, akalipachika lake. Akaweka chungu. Akakisukuma kwa kidole cha shahada huku na huku. Hakikutikisika. Akapika uji, akamnywesha mumewe, na kibuyu cha pili akanipa mimi bila kuniita Karani wa Mawe. Nilitamani aniite.

Siku mbili nikakaa hivyo. Asubuhi ofisini, mchana narudi kumgeuza, kumkuna mgongo, maana mwili unamwasha, sumu inatafuta pa kutokea. Watu wanakuja kumjulia hali, wananiuliza mimi, "Daktari alisemaje?" Nasema, "Alisema apumzike." Nilichoka, Dada. Si uchovu wa kazi. Nilichoka kama mtu aliyebeba debe la maji asiloruhusiwa kulitua wala kulimwaga. Nilikuwa nimemnyima mtu kufa kwake. Angekuwa na neno la kumwambia binti yake, angekuwa na ng'ombe wa kuonyesha huyu wa nani, yote yangepita kwa sababu mimi niliona aibu kurekebisha herufi moja.

Jana alasiri Mama Zaina alikwenda kisimani. Mzee alikuwa ameamka vizuri, amekaa ameegemea ukuta wa nje penye jua. Nikapiga magoti mbele yake kabisa, kama tunavyofanya kwetu.

"Mzee, pale hospitali nilikosea. Sikusema mafiga. Nilisema mafigo."

Akanitazama. Nikaona tumbo lake linaanza kutikisika, nikafikiri kwikwi imerudi. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kwikwi ikamkamata kweli, nikampa maji.

"Karani," akasema alipopata pumzi. "Mimi nimechinja mbuzi tangu kabla baba yako hajamjua mama yako. Figo nimelitoa kwa mikono hii, nimelichoma, nimelila. Unadhani silijui?"

Nikakitua kikombe cha maji.

"Shule ni nzuri," akasema, "lakini inawafanya mdhani sisi wengine hatusikii."

"Sasa kwa nini, Mzee?"

"Ulikuwa unaizungusha kofia yangu. Kofia niliyonunua kwa kuuza ndama. Nikaona, huyu ataing'oa ukingo, kisha aanguke hapa kabla yangu, na mimi sina nguvu ya kumbeba. Tena jiwe nilikuwa nalitaka kweli. Ningekutuma siku nyingine usingekwenda. Ungesema mawe yako kila mahali."

"Na Mama Zaina?"

"Yeye alijua alipoliona gari. Unadhani mwanaume mzima anamletea mkewe jiwe kwa furaha?"

Nikamwambia basi habari ya vidonge. Nilimwambia yote, kama daktari alivyosema, bila kupunguza. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akauliza, "Nani alikuwa anakutuma?"

"Wewe, Mzee."

"Ulikuwa unanifungua mdomo?"

"Hapana."

"Msimu wa kupanda nilisimama shambani. Kwa miguu yangu. Bila vile ningelala ndani nikawasikiliza mkipanda vibaya." Akafumbua macho. "Usitafute kesi isiyo na mlalamikaji. Lete kalamu."

Nikaleta kalamu. Akanitajia mambo yake, naye hakubabaika, alikuwa ameyapanga kitambo. Jike jekundu na mtamba wake ni wa Zaina. Dume liuzwe, asibaki nalo mtu wa kugombana naye. Azikwe hapa kijijini, si mahameni, "maana jiko limekwishahamia". Kisha barua kwa Zaina, fupi, nikaiandika kama alivyosema: njoo na mtoto, njoo hivi sasa, usije na kilio, njoo na chumvi maana mama yako imemwishia. Leo asubuhi nimeipeleka kwa mtu anayekwenda Singida mjini. Labda kesho Zaina atakuwa hapa.

Nilipofunga daftari nilitaka kuinuka. Akanishika mkono wa shati. Mkono wake umevimba, ngozi inang'aa. Akasema, "Kwenye ile fomu yao, uliandika nini?"

"Niliandika mtoto, Mzee."

"Hukufuta?"

"Sikufuta."

Akaniachia.

Leo analala zaidi kuliko anavyoamka. Akiamka anauliza kama Zaina amefika, halafu anauliza uji umeungua upande gani. Mama Zaina anamjibu kutoka jikoni, "Hauungui siku hizi, mwongo wewe." Nakuandikia nikiwa nimekaa hapa hapa nje, namsikia anavyopumua kupitia ukuta. Siogopi kama nilivyokuwa naogopa Jumatatu ile. Naogopa, lakini ni woga wa mtu aliye na wenzake.

Nisalimie shemeji, umwambie aupumzishe huo mguu. Baba mdogo fundi cherehani mwambie shati alilonishonea limekutana na moshi wa Singida, ataniwia radhi. Shangazi wa ng'ambo ya mto, yeye aniombee, maana maombi yake yana sauti. Na watoto wako uwaambie mjomba wao anajua sasa kubeba jiwe.

Kuna jambo moja, na ndilo lililonifanya niichane barua mara tatu. Likizo ile ya mwisho, Mama aliniita chumbani akanituma darini. Akasema nishushe kikapu chake cha mbegu, kile alichopewa na bibi, nikupe wewe ukatunze kwako. Nikamwuliza kwa nini, akasema panya wamezidi. Nikakushushia, ukakipokea mlangoni, wala hatukutazamana. Dada, nyumba ile ilikuwa na paka wawili.

Nimekuwa nikikumbuka uso wake aliposema panya. Nadhani alikuwa anauangalia wangu, nilivyokuwa nimeufunga vizuri kama ulivyonifundisha. Sikulaumu. Ulikuwa na miaka ishirini na mitatu, na hapakuwa na mtu wa kukuuliza kama wewe umelala. Lakini ulibaki naye wiki zile za mwisho mimi niliporudi shuleni. Je, alikuambia kwamba anajua? Mlilisema hata siku moja, nyinyi wawili, au mliendelea na panya mpaka mwisho?

Niandikie. Lolote lililokuwa, usinifiche.

Ni mimi mdogo wako,
Lusajo